Pumzi, misuli, mazoezi, kalamu au mtu wa kuongea naye: kuchagua njia ya kupunguza msongo

Mtu akisema ana msongo, ushauri humjia kutoka kila upande. Mmoja atamwambia avute pumzi, mwingine akakimbie, wa tatu aandike yaliyo moyoni, wa nne atafute mtu wa kuongea naye. Hakuna anayemdanganya, maana kila njia hapo imeshawafaa watu wengi. Kinachosahaulika ni kwamba njia hizo hazina kazi moja. Anayepumua taratibu kila asubuhi huku barua za wadai amezifungia kabatini atabaki na madeni yaleyale, na anayekaa kuandika kurasa tatu za uchungu dakika tano kabla ya usaili ataingia chumbani macho mekundu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi ni bora, jiulize msongo wako umekaa wapi saa hizi: kwenye mapigo ya moyo, kwenye misuli, kwenye mawazo yanayozunguka, au huko nje kwenye jambo lenyewe.

Mwili unavyoupokea msongo

Kuna mawimbi mawili, na kila moja lina saa yake.

La kwanza ni la sekunde. Umesikia breki zikilia nyuma yako, au simu imeita na jina ni la mtu unayemkwepa. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala inaiamsha sehemu nyingine, haipothalamasi, nayo inapitisha amri kwenye neva hadi kwenye tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo. Homoni ya adrenalini inamwagika. Moyo unakwenda mbio, ini linatoa sukari kwenye damu, mboni za macho zinatanuka, mmeng'enyo wa chakula unapungua kasi, mate yanakauka, viganja vinalowa. Mwanafiziolojia Walter Cannon wa Harvard aliyaeleza haya mwaka 1915 kuwa ni maandalizi ya kupigana au kukimbia. Adrenalini yenyewe haikawii: ndani ya dakika 2 au 3 nusu yake imeshaondoka kwenye damu.

La pili ni la saa. Haipothalamasi hiyohiyo inaiagiza tezi ya pituitari, pituitari inaliagiza gamba la nje la tezi za adrenali, na homoni iitwayo kotisoli inaanza kupanda. Hufika kileleni kama dakika 20 hadi 30 baada ya tukio kuanza, kisha huchukua saa moja au zaidi kupungua nusu. Ndiyo maana ugomvi ulioisha saa 6 mchana bado unakufanya umjibu mtu vibaya saa 7, mtu ambaye hata hakuwepo.

Kisha kuna jambo linalotusumbua sisi binadamu zaidi. Ukilikumbuka tukio, au ukiliwaza lijalo, mwili unaitika karibu kana kwamba liko mbele yako, na mawimbi yanaanza upya. Yakirudi hivyo kwa wiki na miezi, usingizi unakatika, presha inapanda, hamu ya kula inavurugika, kinga inadhoofu. Hans Selye, aliyechapisha matokeo ya majaribio yake ya panya mwaka 1936, aliona hatua tatu: mwili unashtuka, unahimili, mwisho unachoka. Lakini msongo si sumu kwa kila hali. Kotisoli hupanda kila alfajiri bila tatizo lolote, na hiyo ni sehemu ya kinachokutoa kitandani.

Vigezo vya kulinganisha

Njia tano zitakazofuata zimepimwa kwa mambo yaleyale. Kwanza ni kasi: inaanza kusaidia baada ya dakika, siku au wiki ngapi? Pili, inagusa wapi: wimbi la sekunde, wimbi la saa, mawazo, au chanzo? Tatu ni gharama yake ya muda, nafasi na faragha. Nne, inaharibikia wapi, kwa sababu kila njia ina kosa lake maarufu, na wengi huiacha njia nzuri kwa sababu ya kosa hilo. Tano, nani imfae.

Kuna kigezo cha sita ambacho watu hawakihesabu, nacho kina uzito kuliko vingi: je, utaweza kuifanya siku ambayo mambo yameharibika kabisa? Njia inayohitaji utulivu ili ikupe utulivu haina msaada siku hiyo.

1. Kupumua polepole

*Inavyofanya kazi.* Huwezi kuuamuru moyo upunguze kasi, ila una mlango wa kuufikia. Kila unapovuta pumzi moyo huongeza kasi kidogo, na kila unapotoa hupunguza. Kazi hiyo hufanywa na neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Ukirefusha kutoa, unairefusha ile nafasi ya moyo kutulia. Mtu mzima aliyepumzika hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na mbinu hii humshusha hadi kama mara 6. Mabadiliko huhisiwa ndani ya dakika 2 hadi 5. Inaligusa wimbi la kwanza moja kwa moja, la pili kwa kiasi, na chanzo haikigusi hata kidogo.

*Namna ya kufanya.* Keti mgongo ukiwa umenyooka bila kujikaza. Weka kiganja kimoja chini ya mbavu na kingine kifuani. Anza kwa kutoa pumzi, usianze kwa kuvuta. Kisha vuta kwa pua kwa hesabu ya sekunde 4, na kiganja cha tumboni ndicho kiinuke huku cha kifuani kikibaki karibu palepale. Toa kwa sekunde 6, midomo ikiwa imebanwa kidogo kama mtu anayepuliza mwali wa mshumaa uyumbe bila kuzimika. Pumzi moja ni sekunde 10, kwa hiyo dakika 5 ni pumzi 30. Ukipoteza hesabu endelea tu, hakuna anayekusahihisha.

Ipo namna nyingine ya kuvuta mara mbili: pumzi ya kwanza hadi karibu kujaa, nyongeza fupi juu yake, halafu kutoa taratibu hadi mwisho. Utafiti wa Stanford uliochapishwa 2023 uliwapa watu dakika 5 kila siku kwa mwezi mmoja, na waliopumua hivi walipata nafuu zaidi ya hisia kuliko waliofanya tafakari ya utulivu kwa muda uleule.

*Inapoharibika.* Lawama ziende kwenye lile neno "vuta pumzi ndefu". Mtu mwenye hofu akiambiwa hivyo hujaza kifua hadi mabega yapande, mara kumi mfululizo. Anatoa hewa ukaa nyingi kuliko mwili unavyotengeneza, mishipa ya damu ya ubongo inabana, kizunguzungu kinamshika, vidole na midomo vinapata ganzi. Anaamini anakufa, na hofu inaongezeka. Dawa yake ni kupunguza ujazo wa pumzi: vuta kiasi cha kawaida tu, urefu uweke kwenye kutoa. Wapo pia wasioweza kabisa kuisikiliza pumzi yao bila kuingiwa na woga, hasa wenye pumu au waliowahi kushikwa na hofu ya ghafla. Hao wasilazimishwe. Kuhesabu hatua wakitembea au kushika kitu cha baridi kutawafaa zaidi.

*Inamfaa nani.* Mwenye dakika chache na asiye na faragha: aliye kwenye foleni, nyuma ya usukani gari likiwa limesimama, nje ya mlango wa ofisi. Haimtoshi mwenye tatizo linalomrudia kila siku ya kazi.

2. Kukaza na kulegeza misuli

*Inavyofanya kazi.* Edmund Jacobson, daktari wa Chicago aliyechapisha kitabu chake juu ya mbinu hii mwaka 1929, alianza na jambo dogo: watu hawajui kwamba wamekaza. Ukimwambia mtu alegeze mabega atakwambia yamelegea, na wakati huohuo yamepanda karibu na masikio. Misuli iliyokazwa huendelea kuutumia ubongo taarifa kwamba kuna hatari, na ubongo hujibu kwa kuikaza zaidi. Jacobson aliona kwamba ukikaza kwa makusudi kwanza, utaijua tofauti, na kulegea kutakuja kwa kina zaidi.

*Namna ya kufanya.* Lala au keti mahali pa kuegemeza kichwa. Kaza kundi moja la misuli kwa sekunde 5 hadi 7, kwa nguvu kama theluthi mbili ya uwezo wako, kisha achia ghafla na ubaki hapo sekunde 20 hadi 30 ukisikiliza. Anza na ngumi, panda mikono, nenda usoni (kunja paji la uso, fumba macho kwa nguvu, bana meno), kisha mabega, kifua, tumbo, mapaja, mashavu ya miguu na nyayo.

Mabega yanastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndipo wengi walipoweka mizigo yao. Yainue kuelekea masikioni, huku shingo na taya zikiachwa. Utahisi mkazo ukianzia chini ya kisogo na kushuka katikati ya mabega. Hesabu hadi 5 huku ukiendelea kupumua. Sasa yaachie yaanguke; usiyashushe polepole, yaanguke kama mkoba uliokatika mkanda. Katika sekunde 3 za kwanza hakuna kikubwa. Kati ya sekunde ya 10 na ya 20 joto huanza kusambaa na mikono kuwa mizito. Hapo ndipo faida ilipo, na ndipo wenye haraka wanapoondoka. Rudia mara moja kabla ya kwenda kundi linalofuata.

Mzunguko mzima ni dakika 15 hadi 20. Baada ya kufanya kila siku kwa wiki mbili hivi, wengi wanaweza kuunganisha makundi na kumaliza kwa dakika 5, na wengine hufika pa kulegeza mabega na taya bila kuyakaza kwanza.

*Inapoharibika.* Kukaza nyayo na mashavu ya miguu kwa nguvu zote huleta mkakamao wa misuli, maumivu yanayoharibu utulivu wote uliokwisha patikana. Kubana pumzi wakati wa kukaza hupandisha presha, na mwenye presha isiyodhibitiwa aongee na daktari kwanza. Sehemu yenye jeraha au iliyofanyiwa upasuaji irukwe. Na wapo ambao kulegea ghafla huwatia wasiwasi, kama mlinzi aliyenyang'anywa rungu. Hao waanze na mikono peke yake kwa siku kadhaa.

*Inamfaa nani.* Anayeamka taya zikiuma kwa kusaga meno, mwenye kichwa kinachobana kama amefungwa kitambaa, anayekosa usingizi mwili ukiwa macho. Inamfaa pia asiyependa kukaa na mawazo yake, maana kuna kazi ya kufanya kwa mikono. Haifai katikati ya kikao, ingawa kukaza na kuachia vidole vya miguu ndani ya viatu hakuna atakayekuona.

3. Mazoezi ya mwili

*Inavyofanya kazi.* Hapa kuna kinaya: mazoezi makali nayo hupandisha adrenalini na kotisoli. Unaupa mwili msongo mfupi wenye mwanzo na mwisho. Sukari iliyomwagwa kwenye damu kwa ajili ya kukimbia inapata mahali pa kutumika, na ukimaliza mfumo wa kutuliza unachukua zamu. Ukirudia kwa wiki kadhaa, moyo hujifunza kupanda na kushuka upesi, usingizi unakuwa mzito, na mishtuko midogo haikuyumbishi kama zamani. Nafuu ya siku hiyohiyo huja ndani ya dakika 10 hadi 30, na nafuu ya kudumu huhitaji wiki.

*Namna ya kufanya.* Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za makali. Kipimo rahisi cha wastani ni mdomo wako: unaweza kuongea lakini kuimba kunakushinda. Usiisubiri hesabu ya wiki itimie ndipo uone faida. Kwa msongo wa leo, kutembea kwa kasi dakika 10 hadi 20, mikono ikipunga, kunatosha.

*Inapoharibika.* Kosa la kwanza ni kutumia mazoezi kama adhabu, mtu akijibebesha uzito kwa hasira hadi aumie. La pili ni kurundika mazoezi makali juu ya kukosa usingizi. Njia ya kujikamata ni kuhesabu mapigo asubuhi kabla ya kutoka kitandani, kwa sekunde 30, kisha kuzidisha kwa 2. Kama yamekaa juu ya kawaida yako siku kadhaa mfululizo, na una hasira za karibu, mwili unadai mapumziko. La tatu ni mazoezi makali katika saa ya mwisho kabla ya kulala, ambayo huwaacha wengi moyo ukiwa bado juu. Na mtu mwenye hofu ya ghafla anaweza kuyadhania mapigo ya kawaida ya mazoezi kuwa ndiyo mashambulizi yameanza. Akienda taratibu, kidogo kidogo, mwili utamfundisha kwamba moyo kwenda mbio si hatari.

*Inamfaa nani.* Anayekaa kutwa, mwenye hasira isiyo na pa kwenda, mwenye nguvu zinazomfanya azungukezunguke chumbani. Haimfai aliyechoka hoi kwa wiki kadhaa bila usingizi. Huyo atembee tu. Anayepata maumivu ya kifua akijitahidi aende hospitali kwanza.

4. Kuandika

*Inavyofanya kazi.* Wazo likiwa kichwani halina mwisho, huzunguka. Likiwa kwenye karatasi linalazimika kuwa sentensi, na sentensi ina nukta. James Pennebaker, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha mwaka 1986 jaribio la watu walioandika dakika 15 kwa siku 4 mfululizo juu ya jambo lililowaumiza sana. Katika miezi iliyofuata walikwenda kliniki mara chache kuliko walioandika juu ya mambo ya kawaida. Matokeo ya majaribio yaliyofuata yametofautiana, na faida kwa wastani ni ya kiasi, si muujiza. Inagusa mawazo, na kupitia hayo inazuia wimbi lisiamshwe tena na tena.

*Namna ya kufanya.* Kuna aina mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya hisia: dakika 15 hadi 20, siku 3 au 4, bila kujali tahajia, ukieleza kilichotokea na ulivyojisikia. Karatasi unaweza kuichana.

Ya pili ni ya wasiwasi wa yajayo, nayo haitaki hisia nyingi. Inataka ukweli mdogo mdogo. Mtu huandika "Nina wasiwasi na kazi." Sentensi hiyo haina mahali pa kushika. Iulize: kazi gani, lini, nini hasa? Inakuwa: "Jumatano saa 4 kuna kikao. Sina takwimu za mwezi uliopita. Anazo mhasibu. Nitamwomba kesho asubuhi kabla hajatoka." Wasiwasi uleule sasa una siku, mtu na tendo. Jaribio la Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, la 2018 liligundua kwamba walioandika kwa dakika 5 kabla ya kulala orodha ya mambo yanayowasubiri walilala kama dakika 9 mapema kuliko walioandika waliyokwisha kuyafanya.

Kwa mwenye wasiwasi wa kutwa, tenga nusu saa ya kuhangaika, saa ileile kila siku, mbali na kitanda. Wazo likija nje ya saa hiyo, liandike kwa neno moja na ulipangie miadi. Inachekesha kidogo, ila mara nyingi saa ikifika nusu ya yaliyoandikwa yameshaisha nguvu.

*Inapoharibika.* Kucheua. Ukisoma ukurasa wa siku ya 3 na ukakuta maneno yaleyale ya siku ya 1, huandiki tena, unazunguka kwa kalamu. Acha, au hamia aina ya pili. Uandishi wa hisia mara nyingi huacha huzuni kwa muda baada ya kumaliza, kwa hiyo usiufanye kabla ya kulala wala kabla ya shughuli nzito. Na jeraha bichi, la siku chache, liache kwanza.

*Inamfaa nani.* Mwenye siri asiyoweza kumwambia mtu, mwenye mambo mengi yaliyosokotana, anayeamka usiku wa manane kuhesabu majukumu. Haimfai ambaye moyo unadunda sasa hivi.

5. Kuongea na mtu, na kukishika chanzo

*Inavyofanya kazi.* Mwaka 2000 mwanasaikolojia Shelley Taylor na wenzake walipendekeza kwamba kupigana au kukimbia si jibu pekee la mwili. Binadamu, na wanawake hasa, hujibu pia kwa kutunza na kujikusanya na wenzao. Kuwa karibu na mtu unayemwamini hupunguza mwitikio wa mwili. Tena mtu ana kitu ambacho pumzi haina: anaweza kukubebea nusu ya mzigo. Miongoni mwa njia hizi tano, hii na ile orodha ya kuandika ndizo zinazokifikia chanzo.

*Namna ya kufanya.* Sema mapema unachotaka. "Nisikilize tu dakika kumi, usinishauri" ni ombi tofauti na "nisaidie kupanga nianzie wapi", nalo ni tofauti na "naomba Alhamisi unisaidie kumpeleka mama kliniki". Mazungumzo mengi huvunjika hapo: mmoja amekuja kusikilizwa, mwingine ameshaanza kutoa suluhisho la tatu. Ukifika kwenye chanzo, liandike tatizo kwa sentensi moja, tenga lililo mikononi mwako na lisilo, taja njia tano hata za kipuuzi, chagua moja, ifanye ndani ya siku mbili, kisha baada ya wiki uangalie kama kuna kilichosogea.

*Inapoharibika.* Wawili wakikutana kila siku kulalamikia jambo lilelile wanakoleza moto. Mnaachana mkiwa mmependana zaidi na mna hasira zaidi. Kosa jingine ni kuchagua msikilizaji ambaye ndiye sehemu ya tatizo, au mwenye mdomo mwepesi.

*Inamfaa nani.* Mwenye jambo linaloweza kubadilika, na mwenye upweke. Kama huna wa kumwamini, mshauri nasaha au mwanasaikolojia anahesabika hapa pia. Tiba ya utambuzi na tabia mara nyingi huwa kati ya vikao 6 na 20, na ina mazoezi ya kufanya nyumbani.

Vinavyofanana na njia lakini vina riba

Pombe hukulaza haraka, kisha huvuruga nusu ya pili ya usiku. Utulivu wa sigara kwa sehemu kubwa ni uchu wa nikotini uliokatwa kwa muda. Kafeini ya kahawa na chai huongeza yaleyale ambayo adrenalini imeyaanzisha, na nusu yake hubaki mwilini kama saa 5, hivyo kikombe cha saa 11 jioni bado kinakesha nawe saa 4 usiku.

Chagua kwa hali yako

Una dakika chache kabla ya usaili, mtihani au kuhutubia: pumzi, 4 kwa 6, na usifungue jambo lolote la moyoni. Mkono kutetemeka kidogo si kushindwa; mwili umejiandaa tu.

Umetoka kwenye ugomvi: tembea kwanza, dakika 20. Kumbuka kotisoli bado inapanda. Ujumbe mrefu wa majibu uandike ukitaka, ila usiutume kabla saa moja haijapita.

Ni saa 8 usiku na macho makavu: andika orodha fupi, kisha anza misuli kutoka kwenye ngumi. Ukiona kama dakika 20 zimepita bila usingizi, toka kitandani, kaa penye mwanga hafifu, urudi usingizi ukikushika.

Unamuuguza mtu na huna hata robo saa yako: pumzi tatu ndefu za kutoa kila unaponawa mikono, na ombi moja la wazi kwa ndugu mmoja, lenye siku na saa. Mbinu ngumu zaidi ya hapo zitakuongezea kazi.

Jambo lenyewe halibadiliki, kama msiba au ugonjwa wa kudumu: kuongea na kutembea kwa sasa, kuandika hisia baadaye kidogo. Hatua za kutatua tatizo hazitasaidia pasipo la kutatuliwa, zitakuchosha tu.

Jambo linabadilika lakini unaliahirisha: anza na njia ya tano. Pumzi zitumie kupata ujasiri wa kupiga ile simu moja, halafu ipige.

Na zipo hali ambazo hazimo kwenye uchaguzi huu. Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au tayani, au kukosa pumzi kusikoeleweka, ni ya hospitali mara moja hata kama unadhani ni wasiwasi. Mawazo ya kujidhuru ni ya kumwambia mtu leo hii na kupelekwa kwenye huduma. Kama kwa zaidi ya wiki mbili hulali, huli au hufanyi kazi kama kawaida, nenda kwa mtaalamu ukiwa na karatasi ya wiki moja: saa ulizolala, mapigo ya asubuhi, dawa unazotumia, na njia ulizojaribu kwa siku ngapi.